Vitanda Sita kwa Watu Watatu

Nyumbani kwetu asubuhi huanza na sumaku. Kabla ya chai napiga magoti chini ya cherehani ya mama na kuiburuta sumaku sakafuni, niokote pini zilizoanguka jana yake. Mama hushona sare za shule, na mteja akichomwa na pini harudi tena. Wakati huo Bibi huwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anajisugua goti la kulia kwa mafuta ya dawa, na nyumba nzima hunuka mafuta hayo mpaka saa nne. Nilikuwa nimezoea hivyo, wala sikuwa na neno, hadi Jumamosi moja Mjomba alipoingia bila kubisha hodi akiwa na karatasi mkononi.

Mjomba ni kaka yake mama, mtoto wa kwanza wa Bibi. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza stoo hospitalini, akihesabu bandeji na mashuka, na kustaafu hakukumponya. Akija kwetu kula, huhesabu vijiko kabla ya kukaa na baada ya kuinuka. Bibi humwambia kwamba hakumzaa mtoto, alizaa daftari.

Karatasi ile ilikuwa na ramani ya hija ya miguu kwenda kanisa la mlimani, mwendo wa siku saba. Kwa kila usiku ilionyesha nyumba mbili za kulala mahujaji, moja ya karibu na nyingine kilomita kadhaa mbele yake, pamoja na namba zao za simu.

"Mama, nimeshakupangia," Mjomba alisema. "Leo hii napiga simu tuweke nafasi kila mahali."

Bibi hakugeuza hata shingo. "Huweki nafasi popote."

Hapa lazima nieleze. Miaka miwili kabla ya hapo mama alipasuliwa, na hali yake ilikuwa mbaya. Bibi alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali akamwahidi Mungu kwamba mwanawe akitoka mzima, yeye atatembea kwa miguu yake mpaka kanisa lile. Mama alitoka mzima. Tangu siku hiyo Bibi alikuwa akingoja goti lipone ndipo aende, na goti halikuwa na haraka. Mwaka huo alichoka kulingoja akasema atakwenda nalo hivyo hivyo.

"Nilipita njia hiyo nikiwa msichana, na mkeka mgongoni," Bibi alisema. "Jioni tunabisha hodi, tunapokelewa. Mtu anayejua kila usiku atalala wapi hajaenda hija, ameenda kikazi."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa una sabini na mmoja, na goti ndilo hilo."

"Goti ni langu."

"Mguu ukivimba nani atakubeba? Si mimi?"

"Nimekuomba unibebe?"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Mjomba alikunja karatasi mara nne, na nikajua amekasirika kweli, kwa sababu yeye si mtu wa kukunja karatasi ovyo.

"Basi nisikilize," alisema. "Daktari amesema mguu huo ulale kitandani, umeinuliwa juu ya mto. Usiku mmoja tu ukikosa kitanda, kesho yake narudi na wewe kwa basi. Sitabishana."

"Na wewe nisikilize," Bibi alijibu. "Nikijua kimewekwa hata kitanda kimoja, nageuka hapo hapo. Nilimwahidi Mungu miguu, sikumwahidi ratiba."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo ilikwisha kuamuliwa kwamba nitakwenda nao, nibebe dawa za Bibi na simu ndogo ya mama, yeye abaki na ile kubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba nitabeba na maneno yao. Wanakaa meza moja, Bibi ananiambia, "Mwambie mjomba wako apunguze chumvi," na Mjomba, aliyesikia kila kitu, ananiambia, "Mwambie bibi yako chumvi haijawekwa bado." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimewachoka wote wawili.

Lakini Bibi nilimpenda, na nilitaka afike. Nililifikiria jambo lile nikaona hana njia. Akikosa kitanda, Mjomba anamrudisha. Kitanda kikiwekwa akajua, anarudi mwenyewe. Kilichobaki ni kuweka nafasi bila yeye kujua, na bila Mjomba kujua pia, maana Mjomba hawezi kuficha ushindi hata dakika tano.

Siku mbili kabla ya safari, mama alipokwenda kununua vifungo, nilichukua ile karatasi aliyoiacha Mjomba na ile simu ndogo nikakaa nyuma ya nyumba. Tatizo lilikuwa lile goti. Nani angejua litafika wapi kwa siku? Likiwa zuri tungefika nyumba ya mbele, likiwa baya tungeishia ile ya karibu. Basi nikaweka nafasi zote mbili. Usiku sita, nyumba kumi na mbili, vitanda vitatu kila nyumba. Mahujaji hulipa wakifika, na kitanda huwekwa mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo hakuna aliyenidai chochote ila jibu.

"Mtakuja kweli?" waliniuliza.

"Ndiyo, tutakuja," nilijibu mara kumi na mbili, nikijua kabisa kwamba mara sita kati ya hizo nilikuwa nadanganya. Nilipomaliza nilijiona nina akili kuliko wakubwa wote wa nyumba ile.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Bibi alitangulia na fimbo yake, Mjomba alifuata hatua kumi nyuma na mfuko mkubwa, na mimi nilikuwa katikati nikipeleka na kurudisha ujumbe. Mwambie anywe maji. Mwambie nimekunywa. Mwambie sijamwona akinywa. Mwambie anitazame basi. Kabla ya saa sita mchana nilitamani nyuki watuvamie, angalau tukimbie wote upande mmoja.

Kila tulipokaribia nyumba ya kulala, nilisema, "Ngoja nikaulizie," nikakimbia mbele. Mlangoni nilimnong'oneza mwangalizi kwamba ni mimi niliyepiga simu, na tafadhali asimtajie Bibi. Bibi alipofika alikuta vitanda vitatu vimetandikwa.

"Umeona?" aliniambia jioni ya kwanza, huku akiinua mguu juu ya mto. "Mwambie mjomba wako kwamba Mungu ana nafasi."

"Mwambie bibi yako hiyo ni siku ya kwanza tu," Mjomba alisema akiwa kitanda cha pili.

Siku ya pili tulifika nyumba ya mbele, na ya tatu tukaishia ile ya karibu. Kila jioni Bibi alimshukuru Mungu kwa sauti, ili Mjomba asikie, na kila jioni Mjomba alizidi kununa. Nilimwona akikagua shuka kana kwamba anatafuta kosa lolote.

Na ile nyumba nyingine ya kila usiku, ile tusiyokwenda? Sikupiga simu. Salio lilikuwepo, simu ilikuwa mfukoni, na nafasi nilikuwa nayo tele. Niliona aibu kusema hatuji, nikajiambia kwamba kitanda kitupu hakimuumizi mtu. Siku ya tatu alasiri simu ililia. Ilikuwa namba ya nyumba tuliyoiruka siku iliyotangulia. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha nikazima simu kabisa nikamwambia Bibi kwamba chaji inaisha.

Siku ya tano goti lilikuwa baya tangu asubuhi. Bibi alitembea akiuma midomo, na tulipoiona nyumba ya karibu ilikuwa saa kumi na moja. Ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye baraza, na uani kamba tatu za mashuka meupe. Nilikimbia mbele kama kawaida. Mlangoni alisimama mwanamke mnene mwenye bonge la funguo kiunoni, nyingi hata alipopumua zililia. Baadaye nilisikia watu wa njia ile wakimwita Mama Funguo.

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyepiga simu, vitanda vitatu," nilinong'ona.

"Paza sauti."

Nilirudia, chini chini vile vile.

"Ni wewe," alisema. "Sauti nyembamba, bibi mmoja, mwanamume mmoja na mfuko mkubwa. Vitanda vyako nimeshavitoa tangu saa tisa."

"Lakini hatujachelewa. Mpaka saa kumi na mbili..."

"Hiyo ni kwa watu wanaokuja. Unadhani sisi wa njia hii hatupigiani simu? Siku ya kwanza mwenzangu aliweka vitanda vitatu, hamkutokea. Siku ya pili mwingine, hamkutokea. Akakupigia, ukazima. Siku ya tatu vile vile, na ya nne. Nyumba nne. Leo nimewapa vitanda vyako watu waliosimama mbele yangu."

Bibi na Mjomba walikuwa wamefika barazani. Mama Funguo alimwamkia Bibi kwa adabu zote, akamsogezea kiti, kisha akanigeukia tena na adabu ikaishia pale.

"Waambie wakubwa wako," alisema.

"Kuna nini?" Mjomba aliuliza.

"Nyumba imejaa," Mama Funguo alimjibu. "Sababu anayo huyu."

Nilimtazama Bibi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba mpaka ukanda wa kiatu umezama. Kilomita nne mbele kulikuwa na nyumba ya pili, na mle ndani vitanda vyangu vingine vitatu vilikuwa vikitungoja, lakini Bibi asingeweza kuzitembea kilomita nne hata kwa kusukumwa. Mjomba alikwisha kugeuka kutazama barabara ya mabasi. Barazani walikaa waashi watatu, watu wa kazi moja waliokuwa hijani kama sisi, wenye vumbi la saruji ambalo nadhani maji hayajawahi kulimaliza. Hao ndio waliopewa vitanda vyetu. Wawili walikuwa vijana wenye miguu mizima. Nikaona kwamba njia ipo, ila lazima ipitie mdomoni mwangu, na kila mtu asikie.

Niliogopa sana. Halafu nikasema.

Nilisema kwamba ni mimi niliyeweka nafasi, kila usiku nyumba mbili, kwa siri. Nilisema sikufuta hata moja, na kwamba hata wakati ule kulikuwa na vitanda vitatu vimewekwa kwa jina letu kwenye nyumba ya mbele. Kama wale mafundi wangekubali kwenda kulala huko, Bibi angepata kitanda hapa.

Hakuna aliyenisaidia. Mwashi mkubwa, mtu wa makamo, alivua kiatu cha kushoto polepole akanionyesha kisigino. Ngozi yote ilikuwa imetoka.

"Jumatano jioni tulifika nyumba moja saa kumi na moja," alisema. "Tukaambiwa imejaa, kuna vitanda vitatu lakini vimewekwa kwa ajili ya bibi mmoja na watu wake. Tukaona haya kumnyang'anya bibi wa watu. Tukaongeza kilomita tisa. Kisigino ndicho hiki, kimenilaza siku nzima njiani. Bibi mwenyewe ndiye huyu?"

"Ndiye," nilisema.

"Na alilala wapi siku hiyo?"

"Nyumba ya nyuma yake."

"Mimi siendi popote," alisema mwashi, akavaa kiatu chake.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilianza kulia. Hakuna aliyenibembeleza, na Mama Funguo aliniambia kwamba kama nataka kulia nikalie uani, barazani watu wanapumzika. Mwishowe mmoja wa wale vijana alisimama akachukua begi lake, akasema anakwenda kwa sababu ya mama huyu mzee, si kwa sababu yangu. Mwenzake alimfuata. Hawakuniaga.

Kwa hiyo vilipatikana vitanda viwili, cha Bibi na cha Mjomba. Bibi aliinuka kitini. Alipofika mlangoni alisimama akaegemea fimbo.

"Siku nne," aliniambia. "Siku nne nimemshukuru Mungu kwa kazi ya simu yako, na wewe umekaa pale unaitikia amina."

Aliingia ndani. Ningekubali anichape kuliko vile.

Mama Funguo hakuwa amemalizana nami. Alinikalisha kwenye stoo ya mashuka, akaniamuru nipige simu moja moja huku yeye akisikiliza. Nyumba ya mbele niliwaambia wanakuja vijana wawili, na kitanda cha tatu kiko wazi. Kisha nilipiga zile nyumba nne kuomba radhi. Wa kwanza alinifokea mpaka salio likatoa mlio wa onyo. Wa pili alikata kabla sijamaliza. Wa tatu aliuliza kama nina wazazi. Wa mwisho, yule wa Jumatano aliyewafukuza waashi kwa ajili yetu, alisema kwamba ameendesha nyumba ile miaka kumi na mmoja na hakuna mtu aliyewahi kumpigia kuomba radhi. Huyo ndiye aliyeniliza tena. Mwisho nilifuta nyumba moja ya usiku wa sita, nikalala kwenye mkeka katikati ya mashuka.

Saa kumi na mbili asubuhi aliniamsha kwa funguo. Kulikuwa na vitanda kumi na vinane vya kutandika upya, naye alinifanyisha kazi hiyo bila huruma. Shuka linavuliwa, linakung'utwa, linalowekwa. Godoro linageuzwa. Shuka jipya linavutwa mpaka lisiwe na kunyanzi, foronya inavishwa, blanketi linakunjwa pande mbili. Nilipomaliza cha tatu mgongo uliniuma. Nilipomaliza cha tano nilipiga hesabu ya vile vitanda vitatu kwa nyumba nne, nikashika shuka la sita.

Mimi na Mama Funguo tulipotokea barazani, Bibi alikuwa amekaa na kifurushi chake mapajani. Mjomba alisimama upande wa pili.

"Mwambie bibi yako basi linapita saa mbili," alisema. "Alisema akijua kitanda kimewekwa, atageuka. Nami nimechoka."

"Niambie mwenyewe," Bibi alisema.

Siku zote zile hakuwa amemsemesha, na Mjomba alibabaika. Mama Funguo aliweka kikapu cha mashuka chini.

"Mtanisamehe, maana si ugomvi wangu," alisema kwa sauti ya mtu ambaye haombi msamaha wowote. "Mama, kutoweka nafasi si utakatifu. Na wewe kaka usitabasamu, kuweka nafasi nako si akili peke yake. Mtu akinipigia akasema anakuja, mimi nateka maji, nafua, natandika, na namfungia mlango aliyesimama mbele yangu kwa ajili ya mtu nisiyemwona. Neno lake ndilo ninaloshika, sina kingine. Kama hawezi kuja, aniambie. Ni dakika moja. Huyu mtoto alitoa neno mara mbili kwa usiku mmoja, na neno moja lazima lingekuwa la uongo. Hilo ndilo kosa lake, na amelifanyia kazi asubuhi hii. Lakini nyinyi wawili mlisimama kila mmoja na amri yake, mkamwacha mtoto katikati atafute pa kupita. Hilo ni kosa lenu, nanyi sijawaona mkitandika kitanda."

Alichukua kikapu chake akaenda uani.

Bibi alishusha kifurushi chini. Kisha akamwambia Mjomba, "Ile ya kugeuka niliapa kwa hasira, nikikuapia wewe. Ile ya kutembea nilimwahidi Mungu. Siwezi kuzishika zote mbili, na najua ipi naiacha."

"Mguu wako je?"

"Ndiyo maana huyu atapiga simu. Nyumba moja. Aseme anakuja mama mzee mwenye goti bovu, pengine atachelewa."

"Nilishawaambia, Bibi," nilisema. "Ile ya karibu. Nyingine nimeifuta."

"Basi inuka twende."

Nisiseme kwamba walipatana papo hapo. Walianza kugombana wenyewe kwa wenyewe badala ya kupitia kwangu, jambo ambalo kwangu lilikuwa nafuu kubwa. Lakini goti halikusikiliza hotuba ya mtu. Ilipofika saa tisa Bibi alikaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara akasema hawezi tena, na nyumba ya kulala ilikuwa bado mwendo wa saa mbili na nusu.

Nilijua maana yake. Bado Mjomba alikuwa na sharti lake: usiku mmoja bila kitanda, wanarudi. Kama ningenyamaza, kile kitanda kingeendelea kuwa chetu mpaka saa kumi na mbili, na pengine tungepata gari la kutusogeza, au pengine Bibi angepumzika akaweza. Pengine. Nilitoa simu kabla sijajishauri sana.

"Ni sisi watu watatu wa jana," nilimwambia mwangalizi. "Goti la Bibi limekataa. Hatutafika. Wape wengine vitanda."

"Kuna baba na binti yake hapa mlangoni, na dada mmoja," alisema. "Nilikuwa nawaambia waendelee mbele. Basi ngoja niwaite. Ahsante kwa kusema, mwanangu."

Nilirudisha simu mfukoni. Mjomba alikuwa akinitazama. Nilingoja aseme habari ya basi, na Bibi naye alingoja, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kaeni hapa," Mjomba alisema.

Alivuka barabara akaelekea kwenye zahanati ndogo yenye mlango wa bluu. Tulimsikia akibishana na muuguzi kwa muda mrefu, akitaja miaka thelathini ya stoo, namba za mashuka na mambo mengine ambayo sidhani yalimhusu muuguzi yule. Aliporudi alikuwa anatokwa jasho.

"Kuna kitanda cha wagonjwa," alisema. "Kimoja. Mimi na mtoto tutakaa kwenye benchi."

"Mimi si mgonjwa," Bibi alisema.

"Mama, leo utakuwa mgonjwa."

Bibi alimtazama mwanawe huyo aliyepata kitanda kwa kubisha hodi. Nadhani alikuwa na la kusema juu ya hilo, ila alinyoosha mkono tu akainuliwa.

Usiku uliofuata tulilala nyumba ya mwisho, tuliyoahidi kufika na tukafika. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, tuliingia kanisa la mlimani, siku moja nyuma ya ramani ya Mjomba. Bibi alipiga goti moja, lile zima, na kulinyoosha lile bovu pembeni. Alisali kwa muda mrefu hata Mjomba akaanza kutazama saa.

Tulipotoka nje nilimwuliza amesema nini.

"Nimemwambia nimechelewa, na kwa nini," Bibi alisema. "Wewe ulitaka nifike, najua. Ulinitakia mema. Lakini ulimtakia mema mtu mmoja kwa kuwadanganya wengi, na mmoja wao kisigino kilimtoka ngozi. Ukimwambia mtu unakuja, nenda. Ukishindwa, mwambie umeshindwa, hata kama ni aibu, hata kama utakosa kitanda. Juzi barabarani ulisema, na nilikuona ulivyoogopa."

Niliitikia kwamba nimeelewa. Akaomba simu. Hakuwa na miwani, kwa hiyo Mjomba alimbonyezea namba ya nyumbani. Nilisikia cherehani ikisimama upande wa pili.

"Mwanangu," Bibi alisema, "nimefika."